Hansen: Fundi rangi aliyefichua chanzo cha uchungu katika bia

WANYWAJI wengi wa bia ya laga, ile ya rangi ya dhahabu inayotoka kwenye viwanda kama cha Kampuni ya Bia Tanzania (TBL) kilichopo Iyunga, mkoani Mbeya, hawajawahi kulisikia jina la Emil Christian Hansen. Ndani ya viwanda vyenyewe hali ni tofauti. Huko jina la mwanasayansi huyo wa Denmark, aliyefariki dunia mwaka 1909, hutajwa sambamba na la Louis Pasteur wa Ufaransa.

Kabla ya Hansen, mtengenezaji aliyepata bia yenye uchungu asioutarajia alikuwa na mengi ya kulaumu: shayiri, maji, hali ya hewa, hata wafanyakazi wake. Baada ya Hansen, alijua mahali pa kutazama na namna ya kuthibitisha. Hilo lilikuwa suala la fedha, kwani pipa moja la bia likiharibika, mwenye kiwanda hupoteza nafaka, kuni, vibarua na wiki kadhaa za kusubiri kwa wakati mmoja.

Maisha ya mtu huyu yana funzo hata kwa mama anayepika komoni Iyunga au kijana anayejaribu kutengeneza bia nyepesi nyumbani kwake, na kwa mkulima ambaye hajawahi kugusa pombe lakini anahangaika na mbegu zisizo safi.

Kutoka kwenye brashi hadi hadubini

Hansen alizaliwa Mei 8, 1842 katika mji mdogo wa Ribe, magharibi mwa Denmark. Familia yake haikuwa na uwezo, hivyo njia ya shule ilikuwa ndefu kwake. Alijifunza kazi ya kupaka rangi nyumba, akafanya ualimu wa nyumbani kwa watoto wa wenye nacho, na alipopata nafasi ya kusoma alijilipia gharama kwa kuandika riwaya.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Copenhagen alikuwa tayari mtu mzima kuliko wenzake. Huko alifanya kazi bila malipo kama msaidizi wa mtaalamu wa wanyama, Japetus Steenstrup. Mwaka 1876 alipata medali ya dhahabu kwa andiko lake kuhusu kuvu wanaoota kwenye samadi. Mwaka huohuo, yeye na Alfred Jørgensen walichapisha tafsiri ya Kidenmark ya kitabu cha Charles Darwin kuhusu safari yake kwa meli ya Beagle.

Kwa mtu wa kawaida, kuvu wa samadi si jambo la kujivunia. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha Hansen kutazama viumbe wadogo mmoja baada ya mwingine na kutoridhika na kuwaita wote kwa jina moja. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kumtofautisha na wakubwa waliomtangulia.

Mwajiri mwenye maono

Wakati Hansen akimaliza masomo, mfanyabiashara J.C. Jacobsen alikuwa tayari tajiri mkubwa wa bia Copenhagen. Mwaka 1845 Jacobsen alisafiri hadi Munich, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Spaten, akarudi na hamira ya kutengenezea laga. Safari ilikuwa ya siku nyingi kwa gari la farasi, na inaelezwa kuwa kila liliposimama alishuka kuimwagia mikebe yake maji baridi ili hamira isife. Mwaka 1847 alifungua kiwanda chake nje ya jiji, akakiita Carlsberg kwa jina la mwanawe Carl na kilima kilichokuwa mahali hapo.

Jacobsen aliamini kuwa bia ni sayansi. Mwaka 1875 alianzisha Maabara ya Carlsberg, na mwaka 1876 akaunda mfuko wa kuisimamia. Aliweka sharti ambalo wafanyabiashara wengi wa leo wangelishangaa: matokeo ya utafiti yenye manufaa yachapishwe ili kila mtu ayasome, wakiwamo washindani wake.

Hansen alipata shahada ya udaktari mwaka 1879 kwa utafiti kuhusu viumbe wanaopatikana ndani ya bia, na mwaka huohuo akawa mkuu wa idara ya fiziolojia katika maabara hiyo. Alibaki kwenye kiti hicho kwa miaka 30, hadi kifo chake.

Bia inageuka

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, bia ya Carlsberg ilianza kutoka ikiwa na uchungu usiopendeza na harufu mbaya. Kiwanda kilikuwa kisafi, kimea kilikuwa kizuri na mafundi walikuwa walewale. Kwa Jacobsen, aliyekuwa amejenga jina lake juu ya ubora, hilo lilikuwa pigo.

Fikra iliyotawala wakati huo ilikuwa ya Pasteur. Katika kitabu chake kuhusu bia cha mwaka 1876, Mfaransa huyo alionyesha kuwa magonjwa ya bia husababishwa na vijidudu, na aliwanyooshea kidole bakteria hasa. Dawa yake mojawapo ilikuwa kuisafisha hamira kwa tindikali ili bakteria wafe, kisha kuitumia tena. Jacobsen alimheshimu sana Pasteur, hivyo kwake jambo hilo lilikuwa limekwisha.

Hansen aliona vingine. Chini ya hadubini, hamira ya kiwandani ilionekana kuwa kitu kimoja, lakini yeye alishuku kuwa ni mchanganyiko wa jamii kadhaa zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia. Kama ni hivyo, kuua bakteria kusingesaidia, kwa sababu mharibifu mwenyewe angekuwa hamira.

Ili kuthibitisha, alihitaji kuanza na chembe moja tu ya hamira. Alichukua hamira, akaichanganya na maji safi, akaendelea kuipunguza makali hadi tone dogo likawa na wastani wa chembe moja au chini ya hapo. Matone hayo akayaweka kwenye chupa zenye maji matamu ya kimea, kitu ambacho Mtanzania angekifananisha na togwa iliyochujwa. Alizitikisa chupa, akaziacha zitulie, kisha akasubiri. Chupa iliyoonyesha doa moja tu la hamira ndani yake ilikuwa imeanza na chembe moja. Iliyoonyesha madoa mawili au matatu aliiweka kando.

Kwa njia hiyo alipata kutoka kwenye hamira ya Carlsberg jamii nne tofauti. Kila moja aliitengenezea bia yake. Moja tu ndiyo iliyotoa bia nzuri. Miongoni mwa zilizobaki ilikuwamo hamira pori ambayo, hata ikiwa kidogo, iliipa bia uchungu na harufu ileile iliyokuwa ikilalamikiwa. Jambo baya zaidi ni kwamba dawa ya tindikali aliyoipendekeza Pasteur iliipa hamira pori nafasi ya kustawi kuliko ile nzuri.

Novemba 12, 1883, Carlsberg ilianza kutumia kiwandani hamira iliyokuzwa kutoka kwenye chembe moja. Uchungu ukaondoka.

Kumshawishi tajiri

Hadithi hii isidhaniwe kuwa ilikuwa rahisi. Jacobsen hakukubali haraka kwamba hamira yake, ile aliyoibeba kutoka Munich kwa jasho lake, ilikuwa imechafuka. Isitoshe, msaidizi wake alikuwa anamkosoa Pasteur, mtu aliyekuwa akisifiwa dunia nzima. Hansen hakuwa na cheo cha kumshinda bosi wake kwa hoja za mdomo. Alichokuwa nacho ni majaribio yaliyoweza kurudiwa na mtu yeyote, na mapipa ya bia ya kuonja.

Baada ya kuridhika, Jacobsen alifanya uamuzi ambao wachumi bado wanautolea mfano. Badala ya kuificha hamira hiyo na kuwaacha wapinzani wahangaike na uchungu, aliruhusu njia itangazwe na hamira itolewe kwa viwanda vingine. Katika miaka michache ilienea Ulaya na kuvuka hadi Marekani. Hansen, kwa kushirikiana na Kapteni Kühle aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda, alibuni mtambo wa kukuzia hamira safi kwa wingi bila kuguswa na hewa chafu. Jacobsen alifariki dunia mwaka 1887, akiwa ameona mbinu hiyo ikikubalika.

Carlsberg haikufilisika kwa ukarimu huo. Soko la laga lilikua kwa sababu wanywaji walianza kuamini kwamba chupa ya leo itakuwa na ladha ya chupa ya jana. Viwanda vya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya Breweries iliyoanzishwa mwaka 1922, vilipofika sokoni vilikuta tatizo hilo limeshapatiwa ufumbuzi.

Hamira pori inatoka wapi?

Hansen hakuishia kumkamata mharibifu, alimfuata hadi nyumbani kwake. Alichunguza aina moja ya hamira pori mwaka mzima na kugundua kuwa wakati wa kiangazi huishi kwenye matunda matamu yaliyoiva, hasa yaliyopasuka. Matunda yakianguka au mvua ikinyesha, hushuka ardhini na kupitisha majira ya baridi kwenye udongo. Msimu unaofuata, upepo na wadudu huirudisha juu.

Maelezo hayo yalieleza kwa nini bia ilikuwa ikiharibika zaidi nyakati fulani za mwaka. Kiwanda kilichozungukwa na bustani za matunda kilikuwa kinapokea wageni wasioalikwa kupitia madirisha, hasa kwenye masinia yaliyo wazi ya kupoozea maji ya kimea. Leo kundi zima la hamira zinazopatikana kwenye matunda linaitwa Hanseniaspora, kwa heshima yake.

Aidha, Hansen aliipa hamira ya laga jina la Saccharomyces carlsbergensis. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa ni chotara. Mzazi wake mmoja ni hamira ya kawaida ya mikate na pombe, na mwingine ni hamira inayopenda baridi ambayo ilitambuliwa Patagonia, Amerika Kusini, mwaka 2011.

Rangi nayo ina mwenyewe

Ikumbukwe kuwa laga ya Carlsberg ya mwaka 1883 ilifuata mtindo wa Bavaria na ilikuwa na weusi kiasi. Laga ya rangi ya dhahabu ilitengenezwa kwanza Plzeň, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Cheki, mwaka 1842, mwaka uleule aliozaliwa Hansen. Bia hiyo nyepesi haina pa kuficha kasoro. Rangi ikizidi kidogo inaonekana, na uchungu ukizidi kidogo unasikika.

Hapa ndipo wenzake Hansen katika maabara ileile wanapoingia. Mwaka 1883, Johan Kjeldahl alitangaza njia ya kupima naitrojeni kwenye nafaka, na kwa hiyo protini. Njia hiyo imeendelea kutumika kupima vyakula vya mifugo na rutuba ya udongo. Kwa bia, ilisaidia kuchagua shayiri. Shayiri yenye protini nyingi hutoa bia yenye ukungu na rangi iliyokolea, kwa sababu protini na sukari zinapopikwa pamoja hugeuka kahawia, kama inavyotokea kwenye ganda la mkate. Ndiyo maana mkulima wa shayiri ya bia anayezidisha mbolea ya naitrojeni anaweza kuvuna magunia mengi na bado akakataliwa na mnunuzi.

Mwaka 1909, mwaka aliofariki Hansen, S.P.L. Sørensen wa maabara hiyohiyo alileta kipimo cha pH kinachoonyesha ukali wa tindikali. Kwa kipimo hicho ikaeleweka kwa nini maji mazuri ya kunywa yanaweza kuharibu bia nyepesi. Maji yenye chumvi nyingi za chokaa hupandisha pH ya uji wa kimea juu ya kiwango kinachofaa, ambacho ni kati ya 5.2 na 5.6. Ikipanda, rangi hukolea, maganda ya nafaka huachia ukakasi, na uchungu wa hopsi, ua linalotiwa kwenye bia kuipa ladha, huwa mkali kupita kiasi.

Kwa wakazi wa Mbeya hilo si jambo la mbali. Miamba ya chokaa ya Songwe ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji, na maji yanayopita kwenye miamba ya aina hiyo huyeyusha chokaa. Hivyo maji ya chemchemi moja si lazima yafanane na ya kijito cha mlima wa jirani, hata kama yote ni meupe machoni. Dalili rahisi ni utando mweupe unaoganda ndani ya birika. Kuyachemsha maji hayo mapema, kuyaacha yatulie na kumimina ya juu tu hupunguza sehemu ya chokaa.

Kutafuta kosa kwa hatua

Mtu anayetengeneza bia nyepesi nyumbani na kuikuta nyeusi na chungu anaweza kufuata mwenendo wa Hansen bila kuwa na hadubini. Jambo la kwanza ni kuonja na kutazama maji ya kimea yakiwa yamepoa, kabla ya kutia hamira, na kuweka kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo kwa ajili ya kulinganisha rangi siku hiyohiyo.

Iwapo maji hayo tayari yamekolea rangi au ni machungu, hamira haina hatia. Kosa liko kwenye kimea kilichokaushwa kwa moto mkali au kilichokaa sana ghalani, kwenye maji, au kwenye sufuria iliyoungua chini. Kusuuza machicha kwa maji ya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 77, nako huvuta ukakasi wa maganda. Ukakasi huo hukausha kinywa kama chai iliyokaa mno jikoni, tofauti na uchungu wa hopsi. Hopsi nazo zikipikwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa huongeza uchungu, hata kama kipimo hakikubadilika.

Iwapo maji yalikuwa mazuri na uchungu umekuja baada ya siku kadhaa, hasa ukiambatana na harufu ngeni na kuongezeka kadiri siku zinavyokwenda, basi wa kushukiwa ni hamira pori au vyombo. Kabla ya kumwaga, bia iachwe itulie mahali pa baridi. Hamira inayoelea ndani ya bia changa nayo ni chungu na huifanya ionekane chafu, lakini ikituama uchungu wake huondoka. Bia ambayo rangi imekolea baada ya kuwekwa kwenye chupa mara nyingi imeingiwa na hewa wakati wa kumimina.

Jambo la mwisho ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadili maji, kimea na hamira kwa mpigo anaweza kupata bia nzuri, lakini hatajua kilichomponya, na msimu ujao atarudi alikotoka.

Mbegu safi

Hamira ndiyo mbegu ya bia. Wakulima wa viazi mviringo wa Mbeya na Njombe wanaifahamu hali hiyo vizuri. Anayechagua mbegu kwenye mavuno yake mwenyewe mwaka hadi mwaka huona mnyauko bakteria ukiongezeka shambani, ingawa viazi vyenyewe vinaonekana vizima vinapopandwa. Watafiti wa Uyole wamekuwa wakihimiza mbegu safi kwa sababu ileile iliyomfanya Hansen aanze na chembe moja: ugonjwa husafiri ndani ya kitu ambacho mtu anakiamini.

Hata hivyo, kanuni ya Hansen ina mipaka yake. Watengenezaji wengi wa bia za kizamani za Uingereza waliipinga hamira ya chembe moja, wakisema bia zao hupata ladha kutokana na hamira za aina mbalimbali. Walikuwa na hoja, na mwaka 1904 mtafiti mwingine wa Carlsberg, N. Hjelte Claussen, aliithibitisha. Komoni ya Mbeya na ulanzi wa Iringa ni vinywaji vya aina hiyo. Ladha yake hutokana na vijidudu vingi kwa pamoja, na anayeviondoa vyote atabaki na kinywaji kingine. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa Hansen hapo ni usafi wa vyombo, kimea kisicho na ukungu na kumbukumbu ya kila pishi. Anayetaka kuuza bia nyepesi yenye ladha isiyobadilika, huyo hana budi kununua hamira safi na kuacha kutumia masimbi ya pishi lililopita baada ya mara chache.

Hansen alifariki dunia Agosti 27, 1909 akiwa na umri wa miaka 67. Fundi rangi wa Ribe hakuacha kiwanda wala utajiri kama wa mwajiri wake. Aliacha utaratibu ambao mpaka leo mafundi wa viwandani huufuata kabla hamira haijamwagwa kwenye tangi: kuichunguza kwanza, na kuirudia mbegu ya awali pale inapotiliwa shaka. Gharama ya kuchunguza ni ndogo, na hulipwa mara moja tu pishi linaponusurika.